Kamba ya Kuanikia Jezi

Siku ya soko mjini Baraka, Kongo, haina adabu. Pikipiki hupita ubavuni mwa mtu bila kupiga honi, wauza ndagala hupanga beseni zao mpaka katikati ya njia, na ukimkanyagia mtu samaki wake utasikia ukoo wako wote ukitajwa. Ketsia alijua hayo yote kwa kuwa alizaliwa hapo, lakini siku hiyo alikuwa amechoka mno kuangalia anakokwenda. Tangu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi sabini wa darasa la tano. Sauti ilikuwa imemkauka. Alikuwa amefunga kitenge cha njano juu ya sketi ya kazini, vumbi limempanda hadi magotini, na kichwani alibeba gunia. Pikipiki iliyopakia mitungi ya mafuta ilimpitia karibu sana. Akakwepa, gunia likateleza, na jezi kumi na nane za buluu zikamwagika juu ya cherehani ya mtu.

Mwenye cherehani hakugomba. Aliondoa mguu kwenye pedali, akaokota jezi iliyoifunika sindano yake, akaigeuza mbele na nyuma.

"Hii maillot haina numero," akasema.

"Njo maana niko nakuya huku. Unazani nilikuwa natupa nguo kwa furaha?"

Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka kama thelathini na mitano, shati lake jeupe limechakaa kolani lakini limepigwa pasi vizuri, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Ketsia akamweleza shida yake. Mashindano ya watoto wa chini ya miaka kumi na mitano yalikuwa yameanza, na wiki iliyopita mwamuzi aliwakataa vijana wake kwa sababu namba alizozichora kwa mkaa zilifutwa na mvua, nne na tisa zikawa madoa yanayofanana. Jumamosi wasipokuwa na namba, timu imetoka. Na kocha ni yeye.

Alisema neno hilo la mwisho huku amejiandaa, maana alizoea. Watu wakisikia hivyo huuliza kocha mwenyewe yuko wapi. Huyu fundi aliuliza kitu kingine kabisa.

"Golikipa wako, mabega yake iko namna gani? Numero moja inapaswa kuwa kubwa."

Ketsia akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Katika miaka mitatu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali la kazi.

Miaka hiyo mitatu ilianza kwa wiki mbili. Kaka yake Eugène ndiye aliyeunda timu hiyo, Nyota ya Ziwa, akaifundisha hadi siku alipopata wazo la kwenda Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Alimwachia dada yake filimbi na gunia la jezi, akamwambia avumilie wiki mbili tu. Sasa Eugène hupiga simu siku ya Noeli kuuliza matokeo. Ketsia alifundishwa kazi na watoto wenyewe, na nyumbani baba yake, mzee Alphonse, aliuita ukocha huo "ule muchezo wa Eugène," kana kwamba binti yake anamshikia mtu mzigo sokoni.

Ijumaa jezi zilikuwa tayari. Namba zilikuwa nyeupe, zimenyooka, zimepigwa mishono miwili kila upande. Fundi aliitwa Claver Habonimana, Mrundi aliyekimbia kwao miaka kumi iliyopita, akakaa kwenye kambi ya wakimbizi ya Lusenda mpaka akachoka kupanga foleni, ndipo akaja Baraka na cherehani yake na kukodi chumba nyuma ya safu ya mafundi. Ketsia alipouliza kitambaa kizuri vile amekitoa wapi, alijibiwa kwamba vitambaa havikosekani.

Jumamosi jioni, baada ya ushindi, simu ikalia.

"Numero sita iko namna gani?" Claver akauliza. "Ile nilishona nikiwa na usingizi."

"Iko muzima. Ilifunga hata bao."

"Na mwenye sifflet?"

"Mwenye sifflet amechoka," Ketsia akasema, akiigusa filimbi yake.

"Basi ambia yeye alale, chérie."

Neno hilo la wapenzi liliangukia sikioni mwa Ketsia polepole, akabaki ameshika simu hata baada ya mwenzake kukata. Tangu siku hiyo Claver akawa anapiga kila jioni kuuliza hali ya namba fulani. Alipozimaliza zote kumi na nane akaanza upya na moja, na hakuna kati yao aliyejifanya kushangaa. Saa kumi alasiri alianza kuonekana uwanjani, amekaa kwenye jiwe nyuma ya goli, akishona mifuko ya suruali za wateja huku akitazama mazoezi. Hakuwahi kumfundisha Ketsia kazi yake. Wanaume wote waliokaa kwenye jiwe lile kabla yake walifanya hivyo.

Hapa lazima msomaji aelezwe jambo ambalo Baraka hakuna haja ya kulieleza. Jezi za timu hufuliwa na mke wa kocha. Kocha asiye na mke atafuliwa na mama yake au na mwanamke ambaye hivi karibuni atakuwa mke, na ndiyo maana watu wakipita huangalia kamba za kuanikia. Placide, kocha wa timu ya mtaa wa pili, aligunduliwa hivyo hivyo. Jezi zake nyekundu zilionekana zimeanikwa uani kwa mjane mmoja, na kabla hazijakauka mkewe alikuwa amekwisha rudi kwa wazazi wake. Mji mzima ulicheka, Ketsia akiwemo. Jezi za Ketsia alizifua Ketsia.

Jumatatu moja alikuwa ziwani na beseni lake, vidole vimechubuka kwa sabuni, anasugua tope huku macho yanajifunga yenyewe. Claver alitokea nyuma yake, akakunja suruali, akaingia majini.

"Lete," akasema.

"We ni mwanaume. Batakucheka."

"Mi siko na bibi, na mama yangu alibaki kaburini kwetu. Nguo zangu, nani anazifulaka? Lete, chérie. Ikala chini."

Akakaa. Akakaa juu ya jiwe, miguu majini, akaangalia mikono isiyo yake ikizifua jezi zile. Kidogo alie. Hakuwa na huzuni, alikuwa amepumzika tu, na alikuwa amesahau kupumzika kunavyokuwa. Alipomwambia asugue kwa nguvu, Claver alikataa.

"Pole pole na ile tisa. Ni shuka yangu."

"Shuka yako ya nini?"

"Ya kitanda. Nyeupe ilikuwa moja tu. Sasa nalalaka juu ya kitenge."

Ketsia alicheka mpaka wanawake wa jirani wakageuka. Wakati huo huo akajua kwamba anampenda mtu huyu, na kwamba hana nguvu ya kujidanganya vinginevyo. Jioni ile jezi kumi na nane zilining'inia nyuma ya safu ya mafundi, mbele ya chumba cha Claver, na Baraka ikasoma.

Wiki tatu zilikuwa tamu. Uchungu ulianza bombani, ambako Félicité, jirani yao, hupata habari kabla ya wenye habari. Alimwambia Ketsia, akijifanya anamhurumia, kwamba huko sokoni mafundi wanamwita Claver "Madame Coach." Wanaume wameacha kumpelekea suruali. Wanasema suruali iliyoshonwa na Madame itamfanya mtu aoshe vyombo. Kutwa nzima cherehani yake inashona nguo za watoto tu.

Ketsia alibeba maji yake hadi nyumbani bila kuhisi uzito. Claver hakuwa amemwambia lolote. Kila jioni alikuwa akipiga simu na kuuliza namba. Mtu aliyekwisha poteza nchi, nyumba na mama, sasa anapoteza kazi kwa ajili ya matope ya vijana wa Ketsia. Usiku huo aliamua kumwondolea mzigo, na akaamua peke yake, kama alivyozoea kuamua mambo yote kwa miaka mitatu.

Jumamosi, mechi ilipokwisha, Claver alinyoosha mkono achukue gunia. Ketsia akalivuta upande wake.

"Maillot nitazipangia namna ingine," akasema.

"Namna gani?"

Angeweza kumweleza. Lakini sauti ilikuwa imekwisha, watoto wanamvuta kitenge huku na huku, na alitaka tu kufika nyumbani. "Usisumbuke," akasema. Claver akaitikia kwa kichwa na kurudisha mkono wake.

Gunia alilipeleka kwa Fanny, mwanamke hodari anayefulia watu. Kumbe Fanny anaishi kwa kaka yake Eddy, kwenye nyumba ya mabati kando ya barabara kuu. Eddy ni mwalimu wa sekondari na katibu wa mashindano, bado hajaoa, viatu vyake vinang'aa hata siku ya mvua, na mwaka juzi aliwahi kumtuma mtu kwa mzee Alphonse kuulizia habari za Ketsia. Ketsia, mtoto wa Baraka, aliyemcheka Placide mpaka mbavu zikamuuma, alipeleka jezi zake kwenye nyumba hiyo na hakufikiria kamba. Ndivyo alivyokuwa amechoka.

Jumapili Claver hakupiga simu. Jumatatu Ketsia alipiga mwenyewe, simu ikawa imezimwa. Akajiambia kwamba mwanamume wa watu amemchoka, na ni haki yake, nani atamtaka mwanamke anayenuka jasho la watoto wa wenzake. Hakwenda kumtafuta. Alifundisha asubuhi, akapiga filimbi alasiri, akalala na kitenge chake cha kazini.

Jumanne, bombani, Félicité alimshika mkono na kumpongeza.

"Umefanya muzuri," akasema. "Mwalimu iko na nyumba. Na yule mwingine ni mugeni, hata kesho anaweza kwenda."

"Mwalimu gani?"

"Eddy. Si maillot iko kwake? Baba yako alishajua?"

Ketsia aliacha ndoo chini ya maji yanayomwagika, akaenda sokoni na kandambili zake za nyumbani. Mahali pa Claver palikuwa patupu, alama nne za miguu ya meza ardhini. Alida, mwanamke wa Kirundi anayeuza nyuzi na vifungo pembeni, alimtazama bila kumwonea huruma. Alisema Claver amerudi Lusenda. Jina lake liko kwenye orodha ya wanaorudi Burundi tangu mwaka jana. Mara mbili ameitwa, mara mbili amekataa, na mara ya pili ilikuwa mwezi uliopita. Safari hii alikubali. Alhamisi mizigo inapimwa, Ijumaa alfajiri magari yanaondoka.

"Aliona numero zake kwa Eddy," Alida akasema. "Alisimama pale barabarani mpaka bamoto bakamupigia honi. Akaniambia ni haki yako, ye ni mugeni. We Coach, ungemwambia tu na mudomo. Juu ya nini umuache asome kwa kamba?"

Ketsia alikaa kwenye kiti cha Alida, akalia pale pale sokoni, watu wakipita.

Jumatano ilikuwa nusu fainali, na vijana kumi na nane hawawezi kuachwa. Mvua ilinyesha tangu kipindi cha kwanza. Bao moja kwa moja hadi dakika ya mwisho, kisha penalti, na penalti ya tano ya Nyota ya Ziwa ikagonga mwamba. Ketsia alimfuata kila mtoto matopeni, akamshika kichwa, akamwambia amecheza vizuri, hadi wa kumi na nane, na hakuna aliyemuuliza yeye hali yake. Jezi zilikuwa zimegeuka rangi ya ardhi. Fanny alikuja na beseni. Ketsia akamshukuru, akamlipa jasho lake la ufuaji wa kwanza, na akamwambia hizi hazifuliwi kwake. Eddy alikuwa amesimama karibu, ameshika mwavuli, akasikia, akaangalia viatu vyake.

Asubuhi ya Alhamisi Ketsia aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule na kupanda pikipiki kwenda Lusenda, amelikumbatia gunia mapajani. Tope lilikuwa bado bichi, likamlowesha kitenge cha njano njia nzima. Kambini, mbele ya hema la mizani, watu walikuwa wamejipanga na maisha yao yaliyofungwa kamba: magodoro, sufuria, milango ya mbao. Claver alikuwa katikati ya foleni, shati limepigwa pasi kama kawaida, kichwa cha cherehani kimefungwa ndani ya blanketi miguuni pake.

Alimwona. Hakusogea.

"Coach," akasema. "Mulishinda?"

"Tulipoteza. Penalti."

"Pole."

"Claver, niliichukua ile gunia sababu balikuwa banakuita Madame. Banaume baliacha kukuletea suruali. Nilisikia bombani, nikaona aibu juu yako, nikaipeleka kwa Fanny. Kwa Fanny, haiko kwa Eddy. Sikufikiri kamba."

Foleni ikasogea hatua moja, Claver akasogeza cherehani kwa mguu.

"Ile jina balinipa nilikuwa najua," akasema hatimaye. "Banicheke. Niko na miaka kumi ya kuchekwa hapa, nimesikia mabaya kuliko ile. Nilikuwa nalalaka muzuri tu. Lakini we haukuniuliza. Ulisema tu usisumbuke, kama kwa muntu wa kazi. Mi nimechoka kuwa mugeni, Ketsia. Kwetu najua hata nyumba haiko. Lakini hakuna atanitolea kitu mukononi na kuniambia usisumbuke."

"Na mi nimechoka," Ketsia akasema. "Nimezoea kubeba yote peke yangu, ndiyo nikasahau namna ya kuuliza. Nilikosa. Nakupenda, na siwezi kukupa nchi. Niko na kamba moja tu ya kuanikia, kwa papa yangu, mbele ya barabara."

Akaliteremsha gunia, akaliweka chini karibu na cherehani. Tope lilikuwa limepenya hadi nje.

"Iko kumi na nane. Machafu. Fanny hatazifula, na mi sitazifula. Sasa niko nakuuliza."

Mzee aliyekuwa mbele yao kwenye foleni aligeuka. Claver alifungua mdomo wa gunia, akavuta jezi ya juu. Ilikuwa tisa. Akaifuta tope kwa kidole gumba kutoka kwenye kitambaa cha shuka lake, akaangalia mishono. Ilikuwa imeshika.

"Mwanaume njo anapelekaka dot ya kuoa," akasema polepole. "We unaniletea matope?"

"Utapeleka yako siku ingine. Mi nimeanza."

"Na sabuni?"

"Iko ndani. Chini kabisa."

Akaitafuta kwa mkono mpaka akaipata, kipande kizima, kipya. Alikigeuza mkononi muda mrefu. Kisha akamwomba yule mzee amwangalizie cherehani, akaenda hadi mezani kwa karani wa orodha, akainama na kusema naye. Karani alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Mara ya pili Claver alijibu kwa sauti ya kusikika na foleni nzima, na karani akapitisha mstari wa kalamu juu ya jina lake.

Walirudi Baraka kwa pikipiki mbili, moja kwa ajili ya cherehani. Claver aliomba washukie ziwani kwanza. Alasiri ndipo walipoingia uani kwa mzee Alphonse, gunia likidondosha maji safi. Mzee alikuwa amekaa barazani anachonga mpini wa jembe. Alimtazama fundi, akatazama kamba, akamtazama binti yake mwenye kitenge cha tope, na kisu chake kikasimama.

Claver alimsalimu kwa heshima zote, akapiga goti moja. Alisema hana ukoo hapa wa kumsemea, lakini Jumapili atamtafuta mtu mzima wa kuja naye, na kwa leo anaomba ruhusa ya kuanika.

"Kuanika," mzee akarudia.

"Ndiyo, papa."

Mzee alifikiri muda wa kutosha kumchosha mtu yeyote. Kisha akaonyesha kwa kisu. "Anza upande wa barabara," akasema. "Jua linachelewaka kutoka pale."

Ketsia alitaka kusaidia. Claver akamnyang'anya jezi mkononi na kumwambia akae, kisha akajishika, akakumbuka.

"Nakuuliza," akasema. "Unataka kusaidia ao unataka kulala?"

Ketsia alifikiri kidogo, maana swali hilo nalo hakuwahi kuulizwa. "Kulala," akasema.

Alitandika mkeka barazani, karibu na miguu ya baba yake, akajilaza mchana mweupe, kitu ambacho hakukifanya tangu Eugène aondoke. Kabla jezi ya saba haijapanda kambani alikuwa amekwisha potea usingizini. Pikipiki zilianza kupunguza mwendo mbele ya ua. Fundi alikuwa akianika taratibu, namba zikitazama njia, mbili baada ya moja, tatu baada ya mbili.

Félicité alipita na ndoo, akasimama, akasoma kamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Akavuta pumzi ili aite. Mzee Alphonse aliinua kidole na kukiweka mdomoni.

"Pita pole," akamwambia. "Coach amelala."